Mkia wa Bi Harusi

Usiniulize kama napenda samaki. Simli. Hata akipikwa nyumba ya jirani nafunga dirisha, na wala sisingizii ujauzito wala vidonda vya tumbo. Nimepika miaka kumi na mmoja katika kimojawapo cha vile vibanda vya chakula vilivyopangana ufukweni, na mtu aliyekaa upande wa nyuma wa kibanda kile haulizwi swali hilo. Anapewa pole.

Upande wa mbele ni habari nyingine. Mbele kuna mchanga mweupe, minazi imeinama vizuri kama imeambiwa, maji yana rangi tatu, meza za mbao zimewekewa ua moja moja kwenye chupa. Wageni wa kisiwani walikuwa wakifika, wanavua viatu, wanasema "Lo, peponi hapa!" kisha wanapiga picha. Sijaona hata mmoja aliyepiga picha mlango wa nyuma. Huko nyuma kulikuwa na karai la kuoshea vyombo ambalo maji yake yalibadilishwa asubuhi na jioni tu, na katikati ya siku yakawa mazito hivi kwamba ukitia mkono hujui umeshika kijiko au utumbo. Kulikuwa na kitambaa kimoja kilichofuta meza, kikafuta kisu, kikafuta shingo ya Tajiri mwenye kibanda, halafu kikarudi mezani. Mafuta ya kukaangia hatukuyamwaga, tuliyaongeza. Na friza! Mungu wangu, friza ile. Tajiri aliizima kila asubuhi kuokoa umeme na kuiwasha jioni, kwa hiyo samaki waliganda, wakayeyuka, wakaganda tena, wakayeyuka tena, mpaka nyama yao ikawa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sisi hatukuwa na shida hiyo, wetu walioza kwa ushirikiano. Unatia ndimu nyingi, kitunguu saumu kingi, pilipili ya kutosha, moto mkali, na mgeni huko mbele anajilamba vidole huku anatazama bahari. Kinyaa kitupu.

Lakini sikukaa hapa kumsema Tajiri. Nataka kumsema shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ufuko mzima ulimwita Sinia.

Alibeba sinia, basi, ndiyo kazi yake yote. Mgeni akishakaa, Sinia anamjia na sinia kubwa la bati, juu yake barafu, juu ya barafu samaki mmoja mwekundu mnene, anang'aa, kazungushiwa vipande vya ndimu. "Karibu, mheshimiwa. Huyu asubuhi ya leo alikuwa anaogelea, hakujua kama atakutana na wewe." Mgeni anacheka. Anamtazama samaki, anamtomasa kidogo, anasema huyo huyo. Sinia anamleta jikoni kwangu. Na sasa nikwambie siri ya vibanda vile, maana siogopi tena: samaki yule hakupikwa. Aliingia jikoni kwa mlango huu akatokea mlango ule, akarudishwa kwenye barafu kumngoja mgeni mwingine. Mimi nilifungua friza nikatoa mzee mmoja wa ukubwa wake, nikamkaanga, akapelekwa mezani. Nani atamtambua samaki akishaiva?

Tulimwita Bi Harusi, kwa sababu alipambwa, alilazwa, kila mtu alikuja kumtazama na hakuna aliyeruhusiwa kumla. Bi Harusi alinunuliwa kila Jumamosi, mbichi kabisa, hapo simsingizii Tajiri. Kufika Jumatano macho yalikuwa yamezama, tukayafunika kwa ndimu. Alhamisi tulimpaka mafuta kwa brashi ili ang'ae, na matamvua yake tukayatia rangi nyekundu ya keki. Ijumaa jioni ndoa ilivunjika, akatupwa friza pamoja na wenzake, na hapo ndipo alipoanza kuliwa. Umeelewa sasa kwa nini nafunga dirisha?

Sinia aliifanya kazi hiyo miaka tisa, na alikuwa na ulimi wa asali. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua. Nami nisijifanye malaika, nilikuwa naye bega kwa bega. Yeye alidanganya kwa mdomo, mimi kwa kikaango.

Sasa mama yao, mama mkwe wangu, alikuwa muuza samaki. Miaka thelathini na kitu alitembea nyumba hadi nyumba na beseni kichwani, na kwa beseni hilo aliwalea wanawe wawili bila baba. Kuna siku mvua ilimzuia njiani, samaki wakachacha beseni zima. Wanawake wenzake walimwambia awatie chumvi nyingi awauze hivyo hivyo. Yeye alichimba shimo nyuma ya nyumba, akawafukia wote, na usiku ule yeye na watoto walilala na chai ya rangi. Mume wangu huwa anaisimulia habari hiyo kwa hasira ya njaa, Sinia aliisimulia kwa majivuno.

Mimi mwenyewe, wiki ya kwanza nilipoolewa, mama mkwe alinichukua sokoni. Nikachagua samaki, muuzaji akamchukua ili amparue magamba nyuma ya banda. Mama akamzuia, akamshika samaki mkia, akaung'oa kipande kidogo kwa ukucha wa dole gumba. Pengo dogo tu, la nusu duara. "Ukishachagua, mwanangu, tia ukucha kwanza kabla hujamwachia mtu. Akikubadilishia huko nyuma, mkia utakwambia." Tangu siku ile sijanunua samaki bila kumtia ukucha.

Mwaka ule wa mambo ninayoyasimulia, magoti ya mama yalikataa. Akaweka beseni chini. Alibakiwa na kisu chake cha samaki, chembamba kwa kunolewa, mpini wake umelika mpaka umekaa umbo la kiganja chake. Akatangaza kwamba kisu atampa mwanawe aliyeirithi kazi yake. Mume wangu ni fundi baiskeli, kisu cha samaki cha nini? Ilikuwa wazi ni cha Sinia. Lakini mama akasema, "Kwanza nitakwenda kula kwake, kama mteja. Nikiridhika, nitampa pale pale mbele za watu."

Kumbe mama kila arusini na kila msibani alikuwa akijisifu, "Mwanangu mdogo anauza samaki kama mimi, yeye ndiye wangu." Hakuwahi kufika kibandani. Alijua alichoambiwa.

Sinia alikuja jikoni siku hiyo uso umemshuka. Akakaa juu ya ndoo. "Shemeji, mimi shule sikumaliza, mke kanikimbia, nyumba napanga. Sina kitu cha kumwonyesha mtu. Mama akinipa kile kisu mbele za watu, inanitosha. Akijua ya hapa, sina mama tena."

"Si uache kazi?" nikamwambia.

"Niache niende wapi? Wewe mbona hujaacha?"

Nikageuza samaki.

Tukapanga. Mama alitaka kuja Jumamosi, siku Bi Harusi anapokuwa mpya, kwa hiyo hata akimfunua matamvua atakuta mekundu ya kweli. Tajiri hakukubali Bi Harusi apikwe hata kwa mama mzazi wa mtu. "Mama yako ale wa friza kama wateja wote, kwani yeye nani?" Basi alfajiri ya Jumamosi Sinia akaenda mwenyewe kwa wavuvi, akanunua wawili wanaofanana, wekundu, wanene, urefu mmoja. Mmoja akamlaza kwenye barafu ya Tajiri. Wa pili akamfunga kitambaa chenye maji, akaniwekea chini ya meza. "Huyu wa mama, shemeji. Tafadhali. Na umkaange kwa mafuta mapya." Mafuta mapya pia alinunua yeye. Nilifurahi, nisikufiche. Nikasema leo angalau mtu mmoja atakula chakula hapa.

Mama alifika saa sita kwa pikipiki, kavaa gauni lake la sherehe, kaukumbatia mkoba wake. Tajiri akatoka kumlaki, meno yote nje, akamfutia kiti kwa kile kitambaa. Mimi natazama kutoka mlango wa jikoni.

Sinia akaja na sinia. Mama akamkazia macho ya utani. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona wako unamtembeza?"

"Nimemtembeza kwa heshima yako, mama. Hakutaka kukungoja."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akafanya kazi yake. Alifunua matamvua, akabonyeza tumbo, akatazama macho. Akakubali kwa kichwa, karidhika. "Huyu huyu, mwanangu." Wakati huo Tajiri alikuwa anamwuliza Sinia kitu kuhusu soda, na Sinia alikuwa amegeuka.

Bi Harusi akaingizwa jikoni, akapitishwa mbele yangu mbio mbio kuelekea kwenye barafu. Nami nikauona mkia wake. Upande wa juu, pengo dogo la nusu duara.

Wee! Sinia miaka tisa anashika sinia, alikuwa ameshasahau kabisa ukucha wa mama yake. Mimi sikusahau. Nilimtoa wa pili kwenye kitambaa, nikapima kwa macho, nikatia dole gumba langu mahali pale pale, nikang'oa. Pengo likatoka sawasawa, huwezi kulitofautisha. Basi nikajiona mjanja! Nikamkaanga huku naimba. Nikasema nitamwambia shemeji baadaye ni jinsi gani nimemwokoa, atanishukuru maisha. Njia ya mwongo ni fupi, nami sikujua kuwa yangu ilikuwa imebakiza nusu saa.

Sahani ilipofika mezani, mama hakuanza na nyama. Alimgeuza samaki, akaupapasa mkia kwa kidole, akatabasamu peke yake. Halafu akala. Alikula kama mtu anayesali, kimya, anafyonza kila mfupa, anaweka pembeni. Nilipomwona hivyo nikatokwa na machozi ya furaha huku nyuma, kati ya karai na friza ile, nikiwa nimeziba pua.

Alipomaliza alinawa mikono, akafungua mkoba, akatoa kisu kimefungwa kitambaa cheupe. Akasema kwa sauti, wasikie walio karibu: "Mwanangu, nimekula samaki wa watu wengi. Huyu wako ni mzima, na ni yule yule niliyemchagua. Chukua." Sinia alipiga magoti mchangani. Mtu wa miaka thelathini na nne, analia kama kaachishwa ziwa jana. Akaupokea mpini kwa mikono miwili, akakiweka kisu juu ya meza mbele ya mama yake akikitazama tu.

Yangeishia hapo. Kwa nini hayakuishia hapo?

Meza ya jirani alikaa dada mmoja mjamzito na mumewe. Yule dada akasema, "Mama, samaki wako alikuwa anavutia! Nami nataka kama huyo."

Mama mkwe wangu, na furaha yake, akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Mwenzangu ana mgeni tumboni. Mletee mzuri kama wangu."

Na Sinia akaenda. Kazoea, miaka tisa, anaambiwa leta analeta. Alifuta machozi, akabeba sinia, akaja nalo na ulimi wake wa asali, "Karibu, dada. Huyu asubuhi ya leo alikuwa anaogelea..." Mimi nikalikumbuka lile pengo wakati ambapo sinia limeshapita mbele ya mama. Nilighushi mkia wa pili, nikausahau wa kwanza. Mjinga mimi!

Mama alitazama sinia. Akatazama sahani yake, pale mkia ulipobaki kwenye mifupa na pengo lake. Akatazama sinia tena. Akanyoosha mkono, akaweka ukucha wake kwenye mkia wa Bi Harusi, ukaingia kwenye pengo barabara.

"Mwanangu, huyu umemtoa wapi?"

"Baharini, mama. Leo asubuhi." Na masikini, hapo alisema kweli.

"Na niliyemla?"

Ulimi wote ule wa asali ukakauka.

Mama aliinuka na magoti yake mabovu, akaja moja kwa moja jikoni, hakumwuliza mtu njia. Akalitazama karai. Akayatazama mafuta meusi, chungu kizima, na kikaango kidogo pembeni chenye mafuta safi. Akaiendea friza, ambayo ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, akainua mfuniko.

Harufu ile mimi nilikuwa nimeizoea, ndivyo nilivyodhani. Lakini kuinusa huku mama mkwe wako amesimama, hapana, ilinijia upya. Ilitoka kama mtu aliyefungiwa. Samaki walikuwa wamelala kwenye maji ya kijivu yenye povu, matumbo yamepasuka, jicho moja linaelea. Mama akabonyeza mmoja kwa kidole. Kidole kikazama, na alipokitoa shimo likabaki pale pale linajaa maji. Nikageuka nikatapika ndani ya karai la vyombo. Ndiyo, la vyombo. Halikuwa na cha kupoteza.

"Mkia wa pili nani kautia ukucha?" mama akauliza.

Nikainua dole gumba langu, bado lina magamba.

Akalishika, akaligeuza, akalitazama. "Nilikufundisha vizuri," akasema, akaliachia.

Sinia alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, wako alikuwa mzima. Nakuapia. Nilimnunua mwenyewe alfajiri kwa ajili yako, mafuta mapya, kila kitu. Nisingeweza kukulisha wewe hivi vitu!"

"Najua alikuwa mzima. Si nimemla?" Alifunga mfuniko taratibu, akapangusa kidole kwenye gauni lake la sherehe. "Afadhali ungenipa mbovu, mwanangu. Ningesema hajui. Kumbe unajua."

Akatoka. Alimgusa bega yule dada mjamzito, akamwambia, "Mwanangu, nyanyuka, utakula kwako." Dada aliponusa kilichomfuata mama kutoka jikoni hakuhitaji kuambiwa mara mbili, na meza nyingine nazo zikaanza kuvuta viti. Mama akachukua kisu juu ya meza, akakifunga kitambaa chake, akakirudisha mkobani. Hakumtazama tena mtu. Alisukutua mdomo kwa maji ya chupa, akatema mchangani, mara tatu.

Unadhani kibanda kilifungwa? Wapi! Saa tisa alasiri Tajiri, baada ya kututukana mpaka mate yakamwisha, alichukua mkasi akaunyoosha mkia wa Bi Harusi ukawa sawa, wageni wengine wakaja, wakavua viatu, wakasema peponi. Na Sinia akambeba. Siku ile ile. Na mimi nikafungua friza. Nikikumbuka hilo najichukia kuliko ninavyoichukia harufu yenyewe. Nilikaa miezi minne zaidi, sasa hivi nachemsha maharage shuleni, na yananukia maharage.

Sinia aliondoka kabla yangu. Siku moja aliweka sinia chini katikati ya wateja, akaenda. Alinunua beseni, na sasa anauza samaki nyumba hadi nyumba, kwa miguu, wa asubuhi hiyo hiyo. Watu wote wanamsifu, na asiyeuzwa hadi adhuhuri anamfukia. Nimemwona kwa macho yangu akichimba.

Mama hajatutenga. Tukienda anatukaribisha, anatupa chai, anawauliza watoto habari za shule. Kisu kile anakatia majani ya mbuzi. Na kila Jumamosi asubuhi Sinia anamletea samaki, anayemwona bora kuliko wote, mwekundu, bado amepinda kwa ubichi. Mama humpokea kwa mikono miwili, humshukuru, humwombea dua ndefu ya mzazi. Kisha, mwanawe akiwa bado amesimama pale mlangoni, humwita paka.